Usinunue viungo (linki) vya tovuti, anza na kichwa cha ukurasa

Dada yangu, umesema tovuti ya karakana yenu ya fanicha pale Keko ina miezi sita na bado haionekani Google, na kuna kijana anataka umlipe akuwekee viungo mia tano, yaani linki kwenye tovuti nyingine zinazoelekeza kwenu. Tafadhali usimpe hata shilingi. Google inakataza viungo vya kununua, na tovuti inaweza kushushwa au kuondolewa kabisa kwenye matokeo yake.

Nimeifungua kwenye simu yangu. Kichwa cha ukurasa, yaani jina la ukurasa linaloonekana kwenye matokeo ya Google, kimeandikwa "Karibu" tu. Mteja anaandika "makabati ya jikoni Dar es Salaam", basi kichwa kiseme hivyohivyo. Kila bidhaa ipe ukurasa wake: mbao gani, vipimo, bei inaanzia ngapi, mnapeleka mzigo hadi wapi. Picha zenu zinapendeza mno, ila ni nzito; ile ya kabati la mninga ina MB 6. Zipunguze zishuke chini ya KB 200, maana Google huikagua tovuti kwa sura yake ya kwenye simu.

Halafu isajilini karakana kwenye Google Maps, ni bure, na waombeni wateja mliowahudumia kweli waandike maoni. Matokeo yatachukua wiki kadhaa.