Anza na nyanya yako

Siku nne baada ya kutetea tasnifu yangu nilipokea ujumbe wa binti wa Kisauni. Amepata nafasi chuoni kusoma masomo ya wanawake na jinsia, na babake amemwambia hayo ni masomo ya kuvunjia watu ndoa. Ameniuliza: "Dada, wewe uliwajibu nini watu wa kwenu?"

Sikuwajibu, mdogo wangu. Ami yangu alisema mbele ya watu, siku ya arusi, kwamba naenda kusomea utovu wa adabu, nami nikainamia sahani ya biriani kama sikusikia. Nikaondoka Mombasa na kinyongo, na mwenye kinyongo husoma vibaya. Kila kitabu nilichofungua nilikuwa natafuta la kumpiga nalo ami.

Mwaka wa kwanza uliishia kwa insha. Niliandika kurasa 12 kuthibitisha kwamba mwanamke wa Kiswahili wa Mombasa hakuwahi kuwa na sauti, kwamba tangu kuzaliwa hadi kuzikwa amesemewa. Mhadhiri aliisifu darasani na nikapata alama ya juu kuliko wenzangu wote. Likizo nikaja nayo nyumbani Kibokoni, nikamsomea nyanya, natafsiri huku nasoma. Alikuwa juu ya mbuzi anakuna nazi. Nilipofika ukurasa wa tatu mkono wake ukasimama, kifuu bado kimeshikwa, nazi imemganda vidoleni.

"Hawa wanawake ni wa wapi?"

"Ni nyinyi, nyanya."

"Sisi?" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso. "Mamangu, wewe wajua lelemama ilikuwa ni nini?"

Nilijua ni ngoma. Alichonieleza jioni ile, mpaka nazi ikasahaulika, ni kwamba vilikuwa ni vyama. Vilikuwa na viongozi na vyeo, na mtu alivitafuta vyeo hivyo na kuvigharimia. Chama kilishindana na chama, nyimbo zikatungwa za kumfumba mtu aliyekosea mpaka mtaa mzima ukajua ni nani anayesemwa. Wanawake waliozoea kukutana na kuchanga hawakukaa kimya: mwishoni mwa miaka ya 1950 wanawake wa Mombasa walipeleka ombi kwa serikali ya kikoloni, wakidai wanawake wa Kiarabu nao wapewe kura. Nami nilikuwa nimepewa alama ya juu kwa kuandika kuwa hawa hawakuwa na sauti.

Baadaye niligundua kwamba kuna waliotangulia kusikiliza. Margaret Strobel, Mmarekani, alikuja Mombasa mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaketi na wazee wetu, na mwaka 1989 yeye na Sarah Mirza wakachapisha maisha ya wanawake watatu wa mji huu. Nilifurahi, na wivu ukanishika. Mtu amevuka bahari kuja kuuliza, na mimi niliyelala chumba kimoja na nyanya tangu utotoni sikuwa nimeuliza neno.

Basi nikaandika pendekezo la utafiti juu ya vyama hivyo. Jopo likalikataa. Mmoja wao alisema ngoma za mitaani si utafiti, nitafute mada yenye nadharia. Bado sentensi ile inaniuma. Nikatii, nikapoteza mwaka mzima na mada nisiyoipenda, na katika mwaka huo nyanya akafariki. Nilipopata msimamizi aliyenielewa, nilikuwa na kanda moja ya dakika 41, basi.

Kwa hiyo nakwambia wewe, na wote mnaokwenda kusoma haya: anzeni nyumbani. Rekodini wazee kabla hamjafungua kitabu. Nadharia zipo na zitawangoja, na nyingine mtazielewa vizuri zaidi mkishawasikiliza wazee. Mimi nilimsoma Oyèrónkẹ́ Oyěwùmí, Mnaijeria, aliyeandika mwaka 1997 kwamba kwa Wayoruba wa zamani umri ndio uliopanga watu kabla ya jinsia, na kwamba viwakilishi vya lugha yao havitofautishi mwanamume na mwanamke. Wenzangu darasani walihangaika nayo wiki mbili. Mimi nilifikiria "yeye" wetu, asiyesema ni mume au mke, na shikamoo, inayouliza umri tu, nikamkumbuka nyanya akimfokea ami, ambaye ni mwanawe, naye ameinamisha kichwa. Si lazima ukubaliane na Oyěwùmí kwa kila kitu. Lakini mwulize nyanya yako kwanza.

Na baba yako usibishane naye kama nilivyotamani mimi kubishana na ami. Mkumbushe Mwana Kupona, aliyemtungia bintiye utendi mwaka 1858. Wazee wetu wengi hunukuu pale penye kumtii mume wakakomea hapo; wewe msisitizie kwamba aliyeshika kalamu alikuwa mama, Mwislamu, wa Pwani hii hii. Tena mwambie kuhusu mahakama za kadhi. Susan Hirsch, mwanaanthropolojia Mmarekani, alizichunguza hapa Pwani, akaona wengi wanaopeleka kesi ni wanawake na mara nyingi hushinda. Hawakufundishwa na chuo chochote kwenda pale. Walikwenda kudai haki waliyopewa na dini yao.

Umeniandikia kwamba nyanya yako yu hai, yuko Mtongwe. Panda feri kesho. Usiende na orodha ya maswali. Mpeleke ndizi, kaa naye jikoni, weka simu karibu na jiko ikirekodi. Kwenye kanda yangu, dakika ya 40, nyanya ameanza kutaja jina la mwanamke aliyekuwa akiwatungia nyimbo. Inaadhiniwa Maghrib, anasema, "Zima, mamangu, tutamaliza kesho," nami nasikika nikijibu, "Haya, nyanya." Jina lile sijalipata mpaka leo, na nimeuliza nyumba kwa nyumba kutoka Kibokoni hadi Kuze.