Kabla ya kushika spana, uliza behewa limetoka wapi

Wadogo zangu mnaoingia karakana ya reli mwaka huu, najua mtapewa ovaroli, viatu vya chuma na kitabu cha usalama. Ramani hamtapewa. Mimi ningeanza na ramani.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini, upande wa magurudumu na bogi, zile fremu zinazobeba magurudumu chini ya behewa. Fundi aliyenipokea alikuwa mzee aliyejifunzia kazi Nairobi enzi za reli ya pamoja ya Afrika Mashariki, akarudi nyumbani Tanzania jumuiya ilipovunjika mwaka 1977. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Wiki ya tatu akaniachia mashine ya kukereza, ile inayochonga chuma kikizunguka, akaenda zake.

Likaja behewa la mizigo. Gurudumu moja ukingo wake, ule unaoshika reli kwa ndani, umelika ukawa mwembamba. Mwenzake kwenye ekseli hiyohiyo, yaani mhimili unaounganisha magurudumu mawili, mzima kabisa. Nikajiona mjanja: kwa nini nipoteze chuma kizuri? Nikakereza lile bovu peke yake, likang'aa, nikajipongeza. Miezi michache baadaye behewa likarudi, ukingo uleule umelika kuliko mwanzo. Mzee akalitazama, akanitazama na mimi. "Umemfupisha mguu mmoja, halafu unashangaa anachechemea."

Magurudumu mawili ya ekseli moja yamekazwa pamoja, yanazunguka pamoja. Moja likiwa dogo, kila mzunguko linakwenda hatua fupi kuliko mwenzake, kwa hiyo ekseli nzima inavutwa upande wake na ukingo unasugua reli kutwa kucha. Ndiyo maana yanakerezwa yote mawili, yafike kipenyo kimoja, hata kama moja halina kosa.

Kuanzia siku ile nikaanza kusoma magurudumu kama watu wanavyosoma nyayo. Kingo zikilika pande zote mbili sawasawa, behewa linaishi kwenye kona nyingi. Ukilika upande mmoja tu, chukua kipimo cha kipenyo kabla ya kusema lolote. Ukilika kimshazari, mbele kushoto na nyuma kulia kwenye bogi moja, fremu ya bogi haiko mraba; hapo ukikereza tu, unamkamua mgonjwa jipu na kumwachia mwiba. Bapa kwenye uso wa gurudumu maana yake liliburutwa likiwa limefungwa breki, mara nyingi breki ya mkono iliyosahauliwa. Na ukiona chuma kimepiga rangi ya buluu, breki zilishikwa muda mrefu mteremkoni. Tafuta nyufa hapo, usiridhike na macho matupu.

Sasa rudi kwenye ramani. Mnadhani Nairobi ilikuwaje mji wa karakana? Reli kutoka Mombasa ilifika pale mwishoni mwa Mei 1899. Mbele yake kulikuwa na mpando, kisha ukingo wa Bonde la Ufa unaoporomoka ghafla. Wajenzi walihitaji mahali tambarare pa kupanga vyuma, kutengeneza injini na kukusanya nguvu, na makao makuu yakahamishwa kutoka pwani. Kule kwenye ukingo, kabla njia ya kudumu haijakamilika, mabehewa yalishushwa kwa kamba za chuma. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni vilevile. Kati ya Mlimba na Makambako ndipo milima ilipowatesa wajenzi kwa mahandaki na madaraja, na ukishamaliza kupanda unaikuta karakana Mbeya, kisha nyingine Mpika upande wa Zambia. Karakana huwekwa pale njia inapoumiza vyombo. Kwa hiyo fundi asiyejua njia anatibu bila kumuuliza mgonjwa amekula nini.

Mzee wangu alikuwa na wivu wa mapenzi juu ya Garratt, injini kubwa za mvuke, za aina iliyoitwa daraja la 59. Zilikuwa 34, zilijengwa na Beyer, Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950, kila moja ikapewa jina la mlima. Uzito wake ulikuwa kama tani 250, juu ya reli ya upana wa mita moja tu! Boila lilining'inizwa katikati, injini mbili zikawa mbele na nyuma, ili uzito ugawanywe kwa magurudumu mengi na mwili uweze kujipinda kwenye kona. Raha ya dereva ilikuwa kazi kwa fundi, maana mabomba ya mvuke yalipita kwenye viungo vinavyocheza, na kiungo kinachocheza hakikosi kuvuja. Mojawapo, Mount Gelai, bado imesimama kwenye makumbusho ya reli Nairobi. Ukipita, usipige picha tu, inama uangalie viungo hivyo.

Dizeli zilipochukua nafasi, wahunzi na mafundi wa boila waliokuwa wafalme wa karakana wakakuta kazi imehamia kwa fundi umeme, kwa sababu injini ya dizeli huzungusha jenereta, na mota za umeme ndizo zinazosukuma ekseli. Ninyi mtaiona zamu nyingine kwenye reli ya umeme kutoka Dar es Salaam. Msiwacheke wazee wanaouliza maswali ya kizamani.

Jambo moja nalisema bila utani: vyombo vya zamani vilifungwa asbesto ili kuzuia joto. Ukikuta kitambaa cheupe kinachopukutika kwenye bomba kuukuu, usikikwangue wala kukipuliza kwa upepo. Simamisha kazi, muite msimamizi.

Na daftari. Namba ya behewa, ekseli, kipenyo kushoto, kipenyo kulia, limetoka njia ipi. Kompyuta ipo, sawa, lakini andika kwa mkono wako pia, utashangaa unavyokumbuka.

Lile gurudumu langu lilirudishwa kwenye mashine, safari hii na mwenzake. Mzee alisimama nyuma yangu hadi mwisho. Akapima kushoto, akapima kulia, akapima tena kushoto, akaandika namba mbili zilizofanana, akafunga daftari na kwenda kunywa chai.