Riba ndogo: dola 2,400 za vitenge niziweke wapi?

SWALI: Ndugu wahariri, nauza vitenge soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Nimekusanya dola 2,400. Banki inanipa riba ya asilimia 2 kwa mwaka, COOPEC (chama cha akiba na mikopo) asilimia 5, na kijana mmoja anaahidi asilimia 10 kila mwezi. Nimpe nani?
Mama wa Katuba

JIBU: Mama, huyo kijana mtoe kwanza. Faida hiyo hulipwa kwa feza za wanaoingia nyuma yako. Wakipungua, naye haonekani tena. Wakubwa hawajasahau Bindo Promotion, mchezo wa namna hiyohiyo ulioanguka Kinshasa mwaka 1991.

Upande wa banki, kabla ya riba uliza makato. Asilimia 2 ya 2,400 ni dola 48. Wakikata dola 2.50 kila mwezi za kutunza kompte (akaunti), kwa mwaka ni 30, unabakiwa na 18. Kompte ya akiba isiyokatwa kitu, hata kwa asilimia 1, ingekuachia 24. Basi omba karatasi ya bei zao, usome bei ya kutoa feza kaunta, ya ujumbe wa simu na ya kufunga kompte.

COOPEC si mbaya, ila hakikisha ina kibali cha Banki Kuu ya Congo, kwa jina lilelile lililo mlangoni. Uliza pia kuhusu part sociale: hiyo ni feza ya uanachama, huitoi kaunta unapotaka. Kisha wapime: weka 100, baada ya wiki mbili omba 80. Ukiambiwa "rudi kesho" mara mbili, wahame.

Kibali nacho hakimalizi hatari. Mwaka 2016 wateja wa BIAC, banki yenye kibali, walipanga foleni na kupewa kidogo kidogo. Kwa hiyo gawa feza katika nyumba mbili, tuseme banki na COOPEC.

Feza ya mzigo unaofuata iache kwenye kompte ya wazi, unayotoa wakati wowote. Ile usiyoihitaji unaweza kuifunga kwa muda (dépôt à terme), kwa mafungu: 600 miezi 3, 600 miezi 6. Ukivunja kabla ya siku, kwa kawaida riba inapotea. Na soma kama mkataba unajirudia wenyewe: wengi hufika siku ya mwisho wakakuta feza imefungwa upya, kwa sababu hawakuandika barua mapema.

Dola au franka? Tunza kwa feza unayonunulia mzigo. Mwanzoni mwa 2022 dola ilikuwa karibu franka 2,000, mwishoni mwa 2024 karibu 2,800. Hakuna riba ya akiba ingeziba pengo hilo. Mwaka 2025 franka ilijirudishia nguvu, lakini hiyo si sababu ya kubahatisha na mtaji.

Siku ya kutoa, usiondoke kaunta kabla ya kukagua noti moja moja. Dola yenye mpasuko mdogo tu pembeni, sokoni haipokelewi. Irudishe hapohapo.