Mbuzi Usimuuze, Dada Yangu

SWALI: Baba Mchungaji, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mjane wa miaka 73, nipo Makambako. Barua hii anaiandika mjukuu wangu wa darasa la sita, maana jicho langu la kulia lina mtoto wa jicho na la kushoto linafuata. Nimeimba alto kwenye kwaya ya usharika miaka 31. Mume wangu alifariki 2019. Tangu Pasaka sijafika kanisani, magoti yamekataa kile kilima. Mwanangu aliyekuwa akinitumia pesa ya matumizi kutoka Dar es Salaam alisimamishwa kazi, na sasa hata simu hapigi. Bahasha zangu za ahadi zipo mezani, tupu. Mwezi uliopita alikuja mzee wa kanisa. Nikafurahi nikidhani amekuja kuniombea, kumbe amekuja kunikumbusha mchango wa jengo. Jirani yangu, ambaye anasali kwingine, anasema mateso haya si bure, kuna fundo la ukoo, na mtumishi wao ameagiza nipande mbegu ya shilingi 100,000 kwa imani ili lifunguke. Nina mbuzi jike mmoja, ana mimba. Ndiye huyo huyo tu. Baba, nimemtumikia Mungu tangu usichana wangu. Je, amenitupa? Na hiyo mbegu niipande?
Bibi, Makambako

JIBU: Marahaba, dada yangu, na asifiwe sana. Nianze na la haraka kabla siku ya mnada haijafika: mbuzi usimuuze.

Watakuwepo wa kusema mchungaji mstaafu anaonea wivu huduma za wenzake. Waseme. Nina miaka 81, waumini sigombei na mtu. Ila nina neno kuhusu hiyo mbegu, na nimelitoa Isaya 46. Mwambie mwandishi wako akusomee taratibu. Sura inaanza na miungu ya Babeli, Beli na Nebo, wamepakiwa juu ya wanyama kama magunia. Wanyama wamechoka, mzigo umewalemea, na miungu yenyewe haiwezi kujisaidia, inakwenda utumwani. Unaruka mstari mmoja tu, na Mungu anasema na wazee: "Na hata wakati wa uzee wenu mimi ndiye, na hata wakati wenu wa mvi nitawachukueni." Kwa hiyo kuna mungu wa kubebwa na kuna Mungu anayebeba. Huyo anayesubiri mbuzi mwenye mimba auzwe ndipo afungue fundo ni wa kubebwa, nawe magoti ya kumbebea huna.

Na habari ya fundo la ukoo: wanafunzi walimwuliza Yesu kuhusu yule kipofu, nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake? Akawajibu, si huyu wala wazazi wake. Iko Yohana 9. Magoti yako yamepanda kilima na ndoo kichwani, na mzigo wa kuni, na mtoto mgongoni, miaka mingapi? Hapo mimi sioni haja ya kumtafuta mchawi.

Sasa lile la kutupwa. Hilo limenikalisha macho usiku, kwa sababu neno ulilotumia ni la Zaburi ya 71: "Usinitupe wakati wa uzee, nguvu zangu zipungukapo usiniache." Mtu aliyeomba hivyo hakuwa amepoteza imani. Aliogopa, na hofu yake akampelekea Mungu mwenyewe. Ukiniuliza mimi, swali lako ni sala tayari, imekosa amina tu.

Nikukirie jambo. Miaka mingi nilihubiri Zaburi ya 37 kwenye misiba, pale mzaburi anaposema alikuwa kijana na sasa ni mzee, lakini hajamwona mwenye haki ameachwa. Niliisoma kwa sauti kubwa, nikiwa na umri wa miaka arobaini na mshahara. Siku hizi naisoma polepole. Nimewaona wenye haki wakilala njaa, na wengine niliwazika mwenyewe. Siufuti ule mstari. Ila najua sasa kwamba tukiusoma mbele ya mjane ambaye sufuria lake limegeuzwa, sisi tuliomzunguka ndio tunaoulizwa swali.

Miaka miwili iliyopita niliteleza bafuni, nyonga ikavunjika. Mke wangu ametangulia. Nyumbani tupo mimi, mkwe wangu, na mtoto wake wa kidato cha pili. Wewe unajua, mkwe hawezi kumwogesha baba mkwe, hata dunia igeuke. Basi ikawa kazi ya mjukuu. Jioni ya kwanza alileta maji ya moto kwenye beseni, akachanganya ya baridi, akapima kwa kiwiko kama akina mama wanavyompimia mtoto mchanga. Sijui alijifunzia wapi. Akaniambia, "Babu, inua mkono." Mkono huu, dada yangu, umebariki ndoa, umebatiza watoto nisioweza kuwahesabu, na sasa unainuliwa kwa amri ya mtoto ili kwapa lisuguliwe. Nikalia. Akadhani sabuni imeniingia machoni, akakimbilia taulo. Nikamwacha aamini hivyo.

Usiku ule ndipo nilipoelewa kitu ambacho chuoni sikukielewa. Mungu alisema atanichukua, nami miaka yote nilidhani atanichukua kwa mikono yake peke yake, kimya kimya, watu wasione. Kumbe amekuja na mgongo wa mtoto anayenuka jasho la mpira. Nilikuwa nimeomba nguvu, nikapewa mtu. Bado kuna siku naona aibu, sikufichi.

Aibu yako wewe iko kwenye bahasha. Martin Luther alipofariki, Februari 1546, kilikutwa kikaratasi alichoandika siku chache kabla. Maneno ya mwisho yalikuwa: sisi ni ombaomba, hiyo ni kweli. Huyo ndiye tunayemwita baba yetu Walutheri, aliyejaza makabati kwa vitabu, na anamaliza kwa mkono mtupu. Zirudishe bahasha kwa mhazini, mpe mjukuu apeleke, na umwambie: mwaka huu sina, mniombee. Basi. Huna haja ya kujieleza zaidi. Na yule mzee wa kanisa msamehe, huenda naye alikuwa ametumwa na kamati. Ila akirudi, kabla hajafungua daftari mwambie, "Kwanza tuombe."

Mtumie pia ujumbe mchungaji wako kwamba unahitaji Chakula cha Bwana nyumbani. Hiyo haki ni yako, humwombi hisani. Wachungaji tunasahau. Wakati nikiwa kazini nilisahau watu, na baadhi yao walifariki kabla sijafika.

Kuhusu macho usikate tamaa, mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji na mtu akaona. Langu la kushoto nilifanyiwa. Serikali, kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, inamtambua mzee kuanzia miaka 60, na mzee asiye na uwezo anapaswa kutibiwa bure katika vituo vya umma. Anzia kwa mtendaji wa mtaa wako, uliza kitambulisho cha matibabu ya wazee. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee, usikubali kupangwa kwenye foleni ndefu. Ukiambiwa rudi kesho, rudi kesho, na mjukuu aandike jina la aliyekwambia.

Mwanao nadhani hapigi simu kwa sababu hana cha kutuma. Vijana wetu tumewazoesha kwamba simu ya nyumbani lazima iambatane na muamala. Mpigie wewe. Usimwulize kazi, muulize amekula nini leo.

Nawe, mwandishi wa barua, mwandiko wako ni mzuri kuliko wa wachungaji wengi ninaowafahamu. Jumapili ijayo, kengele ya kanisa ikilia, keti na bibi uimbe sauti ya kwanza, yeye aimbe alto. Ataikumbuka yote, hata kama ukurasa hauoni.

Mbuzi akizaa, niandikieni kama ni mapacha.