Mtoto "aliyetahiriwa na malaika": je, tummalizie siku ya saba?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mke wangu amejifungua mtoto wa kiume, leo siku ya tano. Tundu la mkojo liko chini ya uume, si kwenye ncha. Hospitali wamesema asitahiriwe mpaka aonwe na daktari wa upasuaji. Mama yangu anasema katahiriwa na malaika, ngariba ammalizie tu siku ya akika. Wengine wanasema kumpasua ni kubadili maumbile ya Allah. Tufanyeje?

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah. Allah awakuzieni. Ndugu yangu, ngariba asimguse mtoto huyu. Naanza na hilo kwa sababu zimebaki siku mbili.

Govi lake, japo ni nusu, daktari huenda akalihitaji kutengenezea njia ya mkojo. Likishatupwa halirudi. Hiyo "tohara ya malaika" ndiyo dalili yenyewe: ngozi imejikusanya juu kama kofia iliyosukumwa kisogoni, chini haikukamilika. Madaktari huiita hipospadia, na humpata takriban mtoto mmoja katika kila wavulana 200 hadi 300. Mkeo hakukosea kitu.

Katika madhehebu yetu ya Shafi, tohara huwa wajibu mtu anapobaleghe. Siku ya saba ni sunna. Imam Nawawi ameeleza kuwa mtoto dhaifu asiyeihimili hucheleweshwa. Basi mnyoeni nywele, mpeni jina, chinjeni. Akika haingoji tohara.

Ama kubadili maumbile, kinachokatazwa si tiba. Swahaba Arfaja bin As'ad alikatwa pua vitani, akaweka ya fedha ikatoa harufu mbaya, Mtume (s.a.w.) akamwamrisha aweke ya dhahabu. Ikiwa pua imeruhusiwa dhahabu, ambayo asili yake ni haramu kwa wanaume, vipi njia ya mkojo ya mtoto?

Upasuaji mara nyingi hufanywa mtoto akiwa na miezi 6 hadi 18, na baadaye huweza kuachiwa mrija mdogo kwa siku kadhaa. Tundu likiwa karibu sana na ncha na uume haukupinda, huenda asihitaji kupasuliwa. Daktari ndiye atakayeamua. Zitazameni na korodani: ikiwa hazijashuka, mwambieni daktari mapema, maana hapo huhitajika vipimo zaidi. Govi likishatumika au kuondolewa katika upasuaji huo, tohara yake imetimia.

Niliwahi kusomesha chuoni mtoto aliyekuwa akingoja wenzake wote watoke ndipo aingie chooni. Akirudi, kanzu imelowa miguuni. Alitahiriwa mchanga, na hakuna aliyetazama tundu liko wapi. Alikuwa na miaka tisa, na aibu ile aliibeba peke yake.

Mama yetu mfikishie salamu zangu. Akiwa bado na wasiwasi, nipeni simu niongee naye mwenyewe kabla ya siku ya saba.

Wallahu aalam.