Dada anataka kuacha kazi na miaka 61, Medicare ni mpaka afike 65: bima itakuwaje?

SWALI: Shangazi shikamoo. Mimi nakaa Buruburu, dadangu mkubwa ni nesi huko Minnesota, Marekani, ameshakaa miaka 22, uraia wa huko anao na kitambulisho cha Kenya bado anacho. June 2026 anafikisha miaka 61 na anasema magoti yameisha, presha anayo, shifti za usiku hawezi tena, anataka kuacha kazi mwisho wa December. Shida ni bima, ju kazini ndio wanamlipia na ile Medicare ya serikali yao huanza ukifika 65. Sasa anauliza kama ni afadhali arudi tu Nairobi, alipe bima ya huku hiyo miaka iliyobaki, halafu akifika 65 aanze kutumia Medicare akiwa huku huku. Nimwambie nini? Mdogo wake, Buruburu.

JIBU: Marahaba, na nashukuru umeuliza kabla hajaandika barua ya kuacha kazi.

Naanza na hiyo sentensi yako ya mwisho maana ndiyo imenishtua. Medicare hailipi matibabu ya Nairobi, nje ya Marekani karibu hailipi chochote isipokuwa kwa hali chache sana. Mjombangu alirudi nyumbani na miaka 68 akiamini hivyo hivyo kama dadako, usiku mmoja kifua kikambana tukamkimbiza hospitali moja hapa mjini, na pale kwa keshia akatoa pochi, akatoa kadi yake nyeupe ya karatasi yenye michirizi ya buluu na nyekundu, akaisukuma kwa kidole mpaka mbele ya yule msichana. Msichana akaigeuza nyuma na mbele, akamrudishia taratibu kwa mikono miwili, akasema, "Mzee, hii hatuna." Tulisimama pale watu wanne kila mtu na simu yake tukichanga dipositi kwa M-Pesa, na mzee ameshika ile kadi tu. Sitaki dadako afike hapo.

Kwa hivyo kwanza ajue miaka hii atakuwa anaishi wapi, ju bima inafuata pale mtu anapoishi.

Akibaki Minnesota ana njia mbili. Ya kwanza inaitwa COBRA, yaani anaendelea na bima ile ile ya kazini lakini sasa bili yote ni yake, pamoja na ile sehemu mwajiri alikuwa akilipa, na juu yake wanaweza kuongeza asilimia 2. Watu huangalia kale kadogo kanakokatwa kwa peisilipu wakadhani hiyo ndiyo bei, kumbe si hiyo. Aangalie fomu yake ya W-2, ile ya mshahara na kodi ambayo mwajiri humpa kila mwaka, kisanduku cha 12, palipoandikwa DD, hapo kuna gharama yote ya mwaka, agawanye kwa 12 aongeze hiyo asilimia 2 na atakuwa karibu na ukweli. Ana siku 60 za kuamua na inadumu miezi 18. Sasa hesabu na mimi: kava ya kazini ikiisha December 2026, COBRA inamfikisha June 2028, na Medicare yake ni June 2030. Hapo katikati kuna miezi 23 imebaki wazi.

Njia ya pili ni lile soko la bima ambapo mtu hujinunulia mwenyewe, kwa Minnesota linaitwa MNsure, na akipoteza bima ya kazini pia anapewa siku 60 za kujiandikisha. Uzuri wake ni kwamba presha yake haiwezi kufanya wamkatae wala kumpandishia bei. Umri ndio unapandisha, mtu wa rika lake anaweza kutozwa mpaka mara 3 ya kijana. Serikali husaidia kulipa kulingana na mapato, lakini ule msaada wa ziada uliisha na mwaka 2025 na sasa kuna mstari mkali, kwa bima ya 2026 mtu anayeishi peke yake akipita dola 62,600 kwa mwaka anakosa msaada wote, hata kama amepita kidogo. Ndio maana kuacha kazi mwisho wa December ni uamuzi mzuri, mshahara wa mwaka huo hauingii hesabu ya mwaka unaofuata. Ila akichota 401(k) yake, ile akiba ya kustaafu ya kazini, hiyo inahesabiwa kama mapato, pesa iliyo benki tayari haihesabiwi, basi achote akijua. Na asianze COBRA akidhani ataiacha katikati ya mwaka ahamie MNsure siku yoyote, akiiacha mwenyewe atangoja mpaka dirisha la kujiandikisha la November.

Lakini hiyo ya soko ni ya mtu anayeishi Marekani. Hawezi kukaa Buruburu akalipia ya Minnesota.

Akirudi huku, SHA ndiyo ya kwanza, ile iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Anajiandikisha kwa kitambulisho, *147#, na kwa kuwa hana mshahara ataulizwa maswali kuhusu hali ya nyumba na maisha yake, halafu wanampangia asilimia 2.75 ya mapato, si chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na inalipwa ya mwaka mzima kwa pamoja. Ni rahisi kweli, lakini nesi aliyezoea hospitali za kule hatatosheka nayo peke yake, atataka na bima ya kampuni. Hapo aulize mambo mawili na ajibiwe kwa maandishi: mwisho wa umri wa kumpokea mteja mpya, na presha aliyonayo tayari atangojea miezi mingapi kabla waanze kuilipia. Na asifiche hiyo presha hata siku moja, akija kulazwa wakakuta alidanganya wanakataa bili na huwezi kuwalaumu.

Halafu ya 65 yenyewe. Hata akiwa Nairobi, dirisha lake la Medicare litafunguka March 2030 na kufungwa mwisho wa September. Part A, ile sehemu ya kulazwa hospitali, ni bure kwake kwa hiyo miaka yote aliyokatwa ushuru, achukue. Part B, ile ya kuonwa na daktari bila kulazwa, inalipiwa, mwaka 2026 ni dola 202.90 kwa mwezi, na akiiacha akaja kuitaka baadaye wanaongeza asilimia 10 kwa kila miezi 12 aliyochelewa, na hiyo nyongeza haitoki maisha yake yote. Akichelewa miaka minne, kwa bei hiyo ni kama dola 81 zaidi kila mwezi. Kama anajua moyoni kwamba hatarudi Marekani kuishi, asilipe. Kama watoto na wajukuu wako kule, mimi ningelipa.

Kwa maoni yangu asirudi nyumbani kwa sababu ya bima. Arudi kama anataka nyumbani, na tutampokea vizuri.

Leo mpigie umwambie vitu viwili tu. Akutumie picha ya kile kisanduku cha 12 cha W-2 ya 2025. Na aende kwa daktari wa mifupa sasa, si November, ju kama magoti yanahitaji kukatwa na kuwekwa mengine, afanyiwe wakati mwajiri bado analipa.