Leza hatuna Kigoma, lakini Fourier ipo

Kila nikirudi likizo, vijana wa Ujiji na Mwanga wanaosoma fizikia huniuliza: "Kaka, huku hakuna maabara ya leza, tuanzie wapi?" Jibu langu huwa haliwafurahishi. Anzeni na hesabu ya Fourier, inayochambua wimbi na kuonyesha limeundwa na masafa gani ya mitikisiko. Kompyuta ya kuazima inatosha.

Kazi yetu ya maabara, kupima vitu kwa leza na mawimbi ya terahezi, iko hivi. Mpigo wa leza wa femtosekunde kama 100 (femtosekunde 1,000 ni pikosekunde moja, yaani sehemu moja ya trilioni ya sekunde) hugonga sampuli, kisha mpigo wa pili huja kusikiliza, kama mnunuzi anavyogonga chungu ajue kina ufa. Huo wa pili tunauchelewesha kwa kusogeza vioo. Mwanga husafiri milimita 0.3 kwa pikosekunde moja, na kwa kuwa unakwenda na kurudi, vioo vikisogea milimita 0.15 tu, umechelewa pikosekunde nzima. Rudia hesabu hiyo mpaka ikukae. Ndiyo tunayoishi nayo.

Wimbi tunalopimia ni la terahezi, yaani mitikisiko kama trilioni kwa sekunde. Kwenye terahezi 1, kila chembe ya mwanga ina nishati ya elektronivolti 0.004 hivi, mamia ya mara chini ya mwanga wa kawaida. Ni kiasi kinachokaribia kile cha kuvunja jozi za elektroni ndani ya supakondakta (kitu kinachopitisha umeme bila ukinzani kikipozwa sana) kama niobi nitridi, ndiyo maana tunaing'ang'ania. Uzuri wake mwingine: tunapima wimbi lenyewe linavyopanda na kushuka, si ukali wake tu. Kwa hiyo Fourier inakupa kwa pamoja jinsi sampuli inavyolinyonya wimbi na inavyolichelewesha.

Mkifika maabara, mambo mawili. Mvuke wa maji hunyonya terahezi vibaya sana, hivyo njia ya mwanga hujazwa naitrojeni kavu. Ukiona mistari mikali kwenye spektra (grafu ya masafa inayotoka kwenye Fourier), usishangilie ugunduzi kabla ya kuangalia unyevu. (Masika ya Kigoma yangetutesa!) La pili ni macho: leza ya nanomita 800 huonekana kama wekundu hafifu, nao hudanganya, maana jicho haliuoni vizuri mwanga huo hata ukiwa mkali wa kupofusha. Pete na saa vua, zisiakisi leza. Miwani ya kinga usivue.

Kwa sasa, tengeneza kwenye Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, wimbi linalofifia, liongezee kelele, ulipitishe kwenye Fourier. Kisha likate. Ukibakiza pikosekunde 10, mistari iliyokaribiana kuliko terahezi 0.1 hutaitenganisha. Grafu hiyo iambatanishe na barua ya kuomba nafasi ya uzamili, na uieleze kwa maneno yako. Barua za "napenda sana fizikia ya kwanta" maprofesa wanazipokea kila siku.